Mnyama wa Bibi kwenye Mkono wa Mama

Ukoo wa baba yangu ulikuwa na mambo mawili ya kujivunia, na yote mawili yalikuwa upuuzi. La kwanza, walijiita watu wa pwani. La pili, walikuwa na bangili.

Hilo la pwani nilimalize upesi. Katika watu wote wale sijamjua hata mmoja aliyewahi kuiona bahari. Babu alizaliwa Tabora, akaja Maswa kununua ngozi, akafungua kibanda pale Binza, kisha akahamia Bariadi kwa sababu pamba ilikuwa huku. Bibi alikuwa mtoto wa mama Mnyamwezi na baba ambaye kabila lake lilibadilika kulingana na mgeni aliyekaa sebuleni. Lakini walijua kukunja ulimi wakisema Kiswahili, walipika wali kila Ijumaa, walivaa kanzu zilizopigwa pasi, basi hayo yakawatosha kuwaona Wasukuma waliowazunguka pande zote kuwa ni washamba. Wasukuma hao ndio waliokuwa wakinunua chumvi, khanga na mafuta ya taa dukani kwetu. Bila wao tungekula hizo kanzu.

Bangili ilikuwa ya bibi. Aliletewa na babu katika mahari, na ilikuwa kuukuu hata siku hiyo, kazi ya sonara wa Kihindi aliyekufa zamani. Ilikuwa dhahabu tupu, nzito, na sitasema uongo kwa sababu ya chuki: ilikuwa nzuri. Ilikuwa duara lenye vichwa viwili vya mnyama mmoja asiyekuwepo duniani. Taya lilikuwa la mamba. Pua ilijikunja kwa juu, mkonga wa tembo kabisa, ila mdogo kama punje ya mahindi. Masikio yalikuwa ya ng'ombe, na shingo ilikuwa na magamba ya samaki yaliyokwenda yakipungua mpaka nyuma ya bangili, yakaisha. Vichwa vyenyewe vilikutana mdomo kwa mdomo, vikiuma kijipira kimoja cha dhahabu.

Sonara alikuwa amemwambia babu kwamba ni mnyama wa majini wa hadithi za kwao, na kwamba anayemvaa hazami. Nataka ulifikirie hilo vizuri. Sisi tulikaa Bariadi. Mto Simiyu sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Ukitaka maji ya kunywesha ng'ombe unachimba. Ukoo mzima ulitembea kifua mbele kwa sababu ulikuwa na kinga ya kutozama, mahali ambapo mtu akitaka kuzama inambidi asubiri masika. Shangazi yangu alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayesoma hutuba, kwamba katika familia yetu hakuna aliyewahi kufa maji. Alikuwa anasema kweli.

Huyu shangazi ndiye dada mkubwa wa baba. Mume wake alikuwa fundi cherehani asiyesikika, nyumba yao ilipakana na yetu, na walikuwa na binti mmoja ambaye bangili ile ingekuwa yake siku ya kuolewa. Hilo lilijulikana tangu binti yuko kwenye mbeleko. Shangazi alikuwa na shingo ndefu na nyodo za kutosha mtaa mzima. Akipita penye watu alishika pua kwa ncha ya mtandio, hata kama hakuna kinachonuka.

Mama yangu alikuwa Msukuma wa Ngulyati. Baba alimwona alipokwenda huko kununua dengu, akarudi hali wala halali, na mwishowe ng'ombe wakatolewa. Bibi na shangazi walisema kutoa ng'ombe ni ushamba. Mama akasilimu, akafundishwa kupika wali wa nazi kwa nazi zilizofika zimeshaharibika, akapewa jiko. Nasema akapewa jiko kwa maana kwamba alikaa humo. Shangazi hakuwahi kumwita wifi. Alimwita "huyu," au akiwa na furaha sana, "huyu wetu."

Mama alipoiona ile bangili kwa mara ya kwanza hakusema mashallah kama ilivyotarajiwa. Alisema yeye anamjua mnyama huyo. Katika hadithi za jioni kwao kuna zimwi linalomeza kijiji kizima, watu na ng'ombe na mbwa, na watu wanakaa humo tumboni mpaka atokee mtu wa kulipasua. Bibi akamwambia asifananishe kitu cha dhahabu na mazimwi ya porini. Mama akanyamaza. Alikuwa mgeni, alidhani kunyamaza kutamsaidia.

Basi zikaja zile zama za Ujamaa, na redio ikawa inasema juu ya wanyonyaji, mabepari, kupe, mirija na kukata mirija. Aliyekuwa akiisikiliza sana ni amu yangu, mdogo wake baba, ambaye ndiye aliyesimamia duka. Amu alikuwa mtu wa kuogopa kitu kabla hakijamtazama. Akisikia neno kupe alijipapasa. Duka letu lilikuwa na rafu ambazo nusu yake zilikuwa tupu, sukari ilikuja kwa bahati, sabuni ilikuja kwa kuchelewa, lakini yeye alijiona ni bepari mkubwa anayetafutwa nchi nzima. Akaanza kusema kwamba watakuja kupekua nyumba, wataikuta bangili, na wote tutachukuliwa.

Hakuna aliyekuja. Naomba hilo lieleweke tangu sasa. Katibu wa tawi aliingia dukani kwetu mara nyingi kuulizia nyembe na viberiti, na siku moja alimsaidia bibi kuvuka barabara. Hakuwahi kuuliza habari za dhahabu, na nadhani hata angeonyeshwa angeuliza kama nyembe zimefika. Lakini amu alikuwa hali chakula vizuri, na hofu yake ikaingia kwa shangazi, na shangazi akiogopa nyumba zote mbili ziliogopa.

Walikaa kikao cha kuificha. Chini ya kitanda, wakasema ndipo watakapoanzia. Kwenye pipa la unga, panya. Kuizika uani, kuku. Ndipo amu akapata wazo ambalo alijisifu nalo mpaka anaingia kaburini. Wanawake wa Kisukuma huvaa bangili za waya, ule waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwa ustadi. Hakuna anayezitazama, kila mkono sokoni unazo. Basi bangili ya bibi izungushiwe waya, iwe kama zile, ivalishwe mkono wa Kisukuma. Na mkono wa Kisukuma ulikuwepo humo humo ndani, unaosha vyombo.

Walimwita mama kutoka jikoni. Amu alikuwa ameshaifunga bangili kwa kitambaa na nta ya nyuki, na fundi mmoja wa sokoni, bila kuambiwa kuna nini ndani, alikuwa ameizungushia waya mzuri sana. Ilibaki imevimba upande mmoja tu, pale penye vichwa. Bibi alimpaka mama sabuni, akaisukuma ikaingia.

"Utakaa nayo mpaka mambo yatulie," amu akamwambia. "Usiivue. Usimwambie mtu."

"Akiona mtu je?" mama akauliza.

"Aone nini?" shangazi akasema. "Nani atautazama mkono wako wewe?"

Usiku ule, baba alinisimulia baadaye, mama alifurahi. Alikaa kitandani akiuzungusha mkono na kusema, "Wamenipa kitu chao wenyewe. Sasa nitakuwa mtu wao." Baba akapunguza taa. Baba yangu alikuwa mpole, na upole wake sijajua hadi leo ulimfaa nani.

Kwa hiyo mama akawa anasubiri kuwa mtu wao. Alilima na bangili ile. Tulikuwa na shamba nje ya mji kama kila kaya, pamba upande huu na mtama upande ule, na aliyelima ni yeye, kwa sababu watu wa pwani hawalimi. Alitwanga nayo, akachota maji nayo, akajifungua wadogo zangu wawili nayo. Ule waya ukaota kutu ya kijani. Cha ajabu, ngozi yake chini ya waya ilikuwa safi siku zote, haina kidonda wala alama. Hatukulitia maanani.

Na kila Ijumaa, baada ya swala, shangazi alikuja kukagua. Alipita ukumbini, akaingia jikoni, akaunyanyua mkono wa mama bila kuuliza, kama mtu anayepima kitambaa, akaubonyeza ule uvimbe kwa kidole gumba kuhakikisha vichwa vipo. Kisha akasema maneno yake, yale yale kila wiki:

"Mgeni wetu hajambo?"

Mgeni ni bangili. Mama alijibu, "Hajambo." Halafu mama alibaki ameinua uso, shingo ameisogeza mbele kidogo, anangoja. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua anangoja nini. Anangoja na yeye aulizwe. Shangazi alikuwa ameshageuka, mtandio puani.

Watu wasiokaa na Wasukuma wataona hili ni jambo dogo. Kwetu, na ninaposema kwetu nasema Ngulyati, salamu si kitu cha kupitia mlangoni. Unaamkia, unaulizwa umeamkaje, nyumba yako, watoto, mvua, mifugo, na wewe unauliza. Mtoto akimpita mtu mzima bila kumwamkia anaitwa arudi aanze upya. Usiposalimiwa maana yake haupo pale. Siku moja, shangazi ameshaondoka, mama alisema akichochea moto, si kwangu hasa: "Hata ng'ombe wa mtu anaulizwa hali baada ya mwenyewe kuulizwa." Kisha akaniambia nilete kuni.

Bibi akafa. Alikufa vizuri, kitandani, na katika maneno yake ya mwisho aliusia kwamba bangili asiikate mtu, maana yule mnyama akikatwa nyumba nayo itakatika. Maneno ya mgonjwa. Lakini shangazi aliyashika kuliko Fatiha. Siku ya mazishi watu wamejaa, kilio kimepanda, shangazi aliingia jikoni na macho yake mekundu, akaushika mkono wa mama, akabonyeza, akauliza, "Mgeni wetu hajambo?" Akarudi kulia. Mama alikuwa amemuuguza bibi mwanzo hadi mwisho, amembadilisha nguo, amemlisha uji. Pole hakupewa.

Miaka ikaenda. Amu mwenyewe akasahau kuogopa, akaanza kuogopa mambo mengine. Na binti wa shangazi akapata mchumba, karani kijana wa Mwanza, wa familia yenye jina. Lo, shangazi siku hizo hakukanyaga chini. Wakwe wa Mwanza walipokuja kuleta posa aliwasimulia habari za yule mnyama wa majini mpaka chai ikapoa: vichwa viwili, magamba, dhahabu ya kizamani isiyopatikana tena, na ya kwamba katika familia yetu hakuna aliyewahi kufa maji. Akawaahidi kwamba siku ya harusi watamwona kwa macho yao.

Kwa hiyo wiki ya harusi akaja jikoni na amu nyuma yake.

"Toa," akamwambia mama. Hakuketi.

Mama akanyoosha mkono. "Haitoki, wifi."

"Haitoki vipi? Si iliingia?"

"Iliingia kwenye mkono wa msichana. Huu sasa ni mkono wa jembe."

Wakaanza kwa kuuondoa waya. Amu aliufungua kwa koleo, ukakatika vipande vya kijani, kitambaa kikachanika, nta ikabanduka. Na mle ndani mnyama akatoka anang'aa, taya na mkonga na masikio, kana kwamba sonara kamaliza kumsugua asubuhi ile. Shangazi akatoa machozi, akainama akambusu. Mkono ulikuwa ndani ya bangili, kwa hiyo akaubusu na mkono kidogo, kwa bahati mbaya, akafuta midomo.

Kisha wakavuta. Walipaka sabuni ya mche, wakavuta. Wakapaka samli, wakavuta. Amu aliweka mguu kwenye kigoda akavuta kama anayeng'oa kisiki, na bangili ilifika penye mzizi wa dole gumba ikakwama hapo hapo, vichwa vikichimba ngozi. Mama aliuma khanga. Baba alisimama mlangoni akisema, "Taratibu, taratibu," asijulikane anamwambia nani.

Mchana amu akaenda kuazima msumeno wa chuma kwa fundi baiskeli. Alipouleta jikoni, mama aliuweka mkono wake juu ya kigoda, akasema, "Kata."

Ungewaona. Watu wazima, wenye kanzu zao. Amu akautazama msumeno, akampa baba. Baba akamrudishia amu. Amu akasema yeye ni mdogo, usia ulisemwa mbele ya wakubwa. Shangazi akasema asithubutu mtu, mnyama asikatwe, mnataka kumzika mtoto wangu siku ya harusi yake. Wakamwita shekhe wa jirani, mzee mtaratibu, naye akawaambia wazi kwamba dhahabu ni dhahabu, na kumwogopa mnyama wa kuchongwa ni shirki, wakate wamalize. "Shekhe," shangazi akamjibu, "wewe huna binti wa kuoza wiki hii." Shekhe akanywa chai yake akaondoka. Na mama muda wote huo mkono wake uko juu ya kigoda, ametulia kama aliyekuja kupimwa presha.

Hapo ndipo walipojionyesha walivyo. Wanaogopa kuikata na hawawezi kuiacha. Ulafi umewavuta huku, ushirikina umewavuta kule, na katikati yao amekaa mwanamke ambaye hawajamwuliza habari za asubuhi tangu aolewe. Mwisho shangazi akatoa hukumu:

"Basi ije naye."

Sikiliza maneno hayo. Bangili ije naye, kama kitu kinavyokuja na kapu lake.

Siku ya harusi mama alivalishwa gauni la shangazi la kijani lililombana kwapani, akapakwa wanja, akaketishwa mkekani pembeni ya bibi harusi, mbele kabisa, mahali ambapo mke wa mjomba hukaa kwa haki yake na yeye hakuwahi kukaa. Mkono wake uliwekwa mapajani mwa bibi harusi juu ya kitambaa cha mahameli. Shangazi alimwinamia akamwagiza: "Usizungumze. Lafudhi yako hiyo. Wakikusemesha, tabasamu."

Mimi nilikuwa napitisha sinia la visheti, kwa hiyo niliona kila kitu. Wageni wa Mwanza walikuja mmoja mmoja kumtazama mnyama. Waliuinua mkono wa mama, wakaugeuza, wakagusa taya, wakahesabu magamba, wakasema mashallah, wakauweka chini. Mwingine aliunyanyua akamwonyesha rafiki yake aliyekaa mbali, mama akajinyoosha naye ili mkono ufike. Hakuna aliyepandisha macho kuvuka kiwiko. Na kila alipokuja mgeni, mama aliinua uso na kusogeza shingo mbele, vile vile kama jikoni siku za Ijumaa, anangoja. Nilitaka kuwamwagia lile sinia. Hadi leo najuta kwamba visheti vile vililiwa na wale watu.

Jua lilipoanza kushuka akaja bibi yake bwana harusi, mzaa mama. Alikuwa mzee sana, anashikwa mkono na wajukuu, na alipokaa chini niliona vidole vyake, vimekomaa, vidole vya jembe. Wajukuu wakamwelekeza kwenye bangili. "Bibi, mtazame mnyama." Yeye akamtazama mama usoni. Akamtazama vizuri, bila haraka, kisha akasema:

"Mwadila, mayu."

Ni salamu ya mchana kuelekea jioni, anayopewa mwanamke anayeheshimiwa. Mama alichelewa kujibu, nadhani hakuamini kama ni yake. Kisha akaitikia, na yule mzee akaendelea kama inavyotakiwa: umeshindaje, wanatoka wapi watu wako, aa Ngulyati, mvua imekuwaje Ngulyati mwaka huu, mzee wako yupo, ng'ombe wake wanaendeleaje. Mama akasahau tabasamu aliloagizwa. Akajibu yote kwa Kisukuma, kwa sauti yake ya shambani, naye akauliza hali ya upande wa pili, nyumba kwa nyumba. Shangazi alikohoa, akakohoa tena, akaleta mto, akauliza kama bibi hataki chai. Yule mzee alipomaliza aliinuliwa akaondoka. Bangili hakuitazama kabisa.

Mama hakuinua tena uso kwa wageni waliobaki. Walikuja, wakaunyanyua mkono, wakauweka, na yeye alikuwa anatazama lango la ua alikotokea yule mzee. Nadhani ni hapo alipoacha kungoja. Miaka yote aliamini kwamba wakimtegemea kwa kitu chao kikubwa, siku moja watalazimika kumwona. Sasa walikuwa wamemketisha mbele, kwa wanja na gauni, na bado alikuwa msumari wa ukutani uliotundikiwa kitu cha watu.

Asubuhi yake ua ulikuwa umejaa masufuria ya pilau yaliyogandiana, na aliyekuwa akiyasugua unamjua. Bibi harusi alikuwa bado hajasafirishwa Mwanza. Shangazi akaja na amu, wamelala vizuri, wameshiba, na habari mpya: kuna sonara Mwanza, wakwe wamemsifu, anaweza kuifungua bangili na kuiunga tena bila mnyama kuguswa, kwa hiyo itapelekwa huko kwa basi pamoja na bibi harusi. Hakusema mama atapelekwa. Alisema itapelekwa. Akaunyanyua ule mkono kutoka kwenye maji ya sabuni, akabonyeza vichwa.

"Mgeni wetu ameamkaje?"

Mama akaurudisha mkono wake kwa upole. Akausuuza. Akaizungusha bangili mpaka vichwa vikakaa upande wa kidole kidogo, mahali ambapo mkono ni mwembamba, akakunja dole gumba ndani ya kiganja, na bangili ikatoka. Ilitoka kama soksi. Haikuchukua hata muda wa kukohoa.

Amu alitumbua macho. Baba, aliyekuwa anafunga turubai, akaliachia likaanguka.

"Muda wote huu ilikuwa inatoka?" shangazi akauliza.

"Kila nilipooga," mama akasema. "Niliitoa, nikaosha mkono, nikairudisha."

Akaifuta maji kwa khanga yake, akaiweka kwenye kiganja cha shangazi. "Mgeni wenu huyo. Hajambo kabisa. Sasa nisalimie mimi."

Alisema kawaida tu, bila ukali, kama mtu anayedai zamu yake kisimani. Akabaki amesimama, mikono imetota, uso ameuinua kwa mara ya mwisho. Shangazi alikuwa ameinamia bangili. Aliigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akatazama kichwa kimoja, akatazama cha pili, akapitisha ukucha kwenye magamba ya shingo.

"Hapa pamekwaruzika," akasema.

Mama alingoja. Alingoja kuliko walivyostahili, maana shangazi alikuwa na nafasi ya kutosha, angeweza hata kusema hujambo kwa nusu mdomo, na mama namjua, angeichukua hiyo nusu na kuendelea kusugua masufuria mpaka uzee. Shangazi akaiviringisha bangili kwenye ncha ya mtandio.

"Basi," mama akasema.

Akaliacha sufuria na povu lake. Akavua gauni la kijani alilokuwa amelifunga kiunoni kama aproni, akalitundika kwenye kamba, akambeba mdogo wangu mmoja mgongoni, akanipa mimi wa pili nimshike mkono. Baba akamfuata hadi langoni.

"Mama watoto, unakwenda wapi asubuhi yote hii?"

"Kusalimiwa," mama akasema.

Bangili iliishia wapi sijui, na sijawahi kuuliza. Baba alitufuata siku chache baadaye, na babu yangu wa Ngulyati akamfanya aanze kwa kumwamkia kila mtu aliyekuwepo uani, mkubwa kwa mdogo, hadi mchunga ndama, kabla hajapewa kigoda. Aliwaamkia wote. Katika maisha yake yote ndilo jambo la maana nililomwona akilifanya, na alikaa Ngulyati, akajifunza kulima vibaya.

Lakini asubuhi ile tulikuwa wenyewe. Tulipita sokoni, tukatoka mjini, tukashika njia ya mashambani, na tulipovuka mto mchanga wake ulikuwa umekauka kama kawaida. Kila tuliyekutana naye alimwamkia mama. Watu wa mikokoteni, wanawake wenye ndoo, wazee wanaochunga, kila mmoja alisimama akasema mwangaluka mayu, salamu ya asubuhi, akauliza habari za nyumba, naye mama akasimama akaitikia yote, hakuruka hata moja, akauliza na yeye, akaulizwa tena. Mdogo wangu alilia njaa, mimi nilichoka, jua likapanda, na bado akija mtu mama alisimama. Tulitoka Bariadi watu wakisema mwangaluka. Tulipofika Ngulyati walikuwa wameshaanza kusema mwadila, na mama sauti ilikuwa imemkauka.